Sukuma wiki iliyonyauka: Mvua ikirudi, usikimbilie jembe

JE, umewahi kupanda matatu kutoka katikati ya jiji la Nairobi kwenda Kangemi saa nane za mchana, mwezi wa Februari, jua likiwa utosini? Ukishapita Westlands na gari kushika Waiyaki Way, chungulia dirishani upande wa mabonde. Utaona vishamba vidogo vidogo vilivyobanwa kati ya nyumba za mabati na mto, na ndani yake sukuma wiki iliyolaza majani kama masikio ya mbuzi mgonjwa. Ukiwa mwenye shamba, moyo hukutoka.

Pita hapo tena siku nne baada ya mvua ya kwanza. Mimea ile ile imesimama wima. Mingine ina majani machanga katikati, ya kijani kibichi kinachong'aa.

Ukimwuliza mtu yeyote kilichotokea, atakujibu kwamba mmea umekunywa maji ukaamka. Hilo ni kweli, lakini ni nusu tu ya habari. Nusu ya pili hutendeka ndani ya jani ambako macho hayafiki, na ukiijua huenda ikakuokolea pesa, mboga na pengine hata ng'ombe. Ndiyo maana leo ninataka tuizungumzie, wewe ukiwa umeketi na gazeti lako na chai ya Jumapili.

Nilianza kulifikiria jambo hili mapema mwaka 2022. Huo ulikuwa wakati wa ule ukame mrefu uliozikumba sehemu nyingi za Kenya, ambapo misimu mitano ya mvua ilifuatana kuwa mibaya, kuanzia mwishoni mwa 2020 hadi mwishoni mwa 2022. Waliopata pigo kubwa ni ndugu zetu wa kaskazini na mashariki, waliopoteza mifugo yao. Hata hivyo, sisi wa viunga vya Nairobi nasi tuliuonja. Jirani yangu mmoja, mama wa makamo anayelima kwenye mteremko huku Kangemi, alikuwa na mistari kumi na miwili ya sukuma wiki ambayo huwauzia wenye vibanda. Karo ya mtoto wake wa kidato cha pili hutoka humo. Kwa wiki tatu hakupata maji ya kumwagilia. Mimea ikalala. Majani ya chini yakawa ya njano, yakaanguka.

Jumamosi moja alimwita kijana wa kulima vibarua. Kijana akatazama, akatikisa kichwa. "Mama, hii imekwisha," akasema. "Tuing'oe tu, nikupandie kunde." Wakapatana bei, na kazi ikawekwa Jumatatu asubuhi. Usiku wa Jumapili mvua ikanyesha. Jumatatu kijana hakuja. Alikuwa amepata habari za msiba akaenda kwao mashambani. Kufikia Alhamisi mistari kumi kati ya ile kumi na miwili ilikuwa imesimama.

Jirani wa upande wa pili wa ua hakuwa na bahati hiyo. Yeye alikuwa ameng'oa yake siku ile ile ya Jumamosi. Alinunua miche mipya, akapanda, akangoja zaidi ya mwezi kabla ya kuchuma jani la kwanza.

Sasa, kati ya mvua ya Jumapili usiku na Alhamisi, ile mimea ilikuwa ikifanya kazi gani?

Shanga na uzi

Hebu tuanze na jambo moja dogo. Umesikia mara nyingi kliniki ya watoto kwamba protini hujenga mwili. Protini ni kama mkufu wa shanga. Kila ushanga huitwa asidi amino. Shanga zinazotumika ni za aina 20 tu, lakini kwa kuzipanga kwa namna mbalimbali, mwili wako, ng'ombe wako na sukuma wiki yako hupata protini za maelfu ya aina. Kila ushanga una nitrojeni ndani yake, na nitrojeni ni ile ile unayoifuata dukani unaponunua mbolea ya CAN. Kwa mmea ni mali ya thamani, haitupwi ovyo.

Mmea wenye afya hujitengenezea sukari kutokana na mwanga wa jua, maji na hewa. Hewa huingilia kwenye vitundu vidogo sana vilivyo juu ya jani, na maji hutokea humo humo. Ardhi inapokauka, mmea hufunga vitundu hivyo ili usipoteze maji. Lakini ukifunga mlango ili mwizi asiingie, hata mgeni haingii. Hewa haiji, na sukari inapungua. Jiko la mmea linazimika huku njaa ikibisha hodi.

Hapo ndipo mmea unapofungua mikufu. Unakata uzi, unazitoa shanga, na unaanza kuzipangua upya.

Mwaka 1954 wataalamu wawili, Kemble na Macpherson, walichapisha habari ya nyasi walizoziacha zinyauke. Walipozipima walikuta asidi amino moja imerundikana kupita kiasi. Jina lake ni prolini. Tangu hapo watafiti wa nchi nyingi wameikuta katika mimea mingi iliyopatwa na kiu, chumvi au baridi. Katika baadhi ya mimea hiyo, prolini huongezeka hata mara 100 kuliko kawaida.

Kwa nini prolini na si nyingine? Kwanza, huyeyuka vizuri katika maji na haina madhara ikijaa ndani ya seli, kwa hiyo husaidia seli kuyashikilia maji machache yaliyobaki. Pili, inaaminika kwamba huzilinda protini zilizobaki zisiharibike. Tatu, na hii ndiyo inayotuhusu leo, ni akiba. Ndani yake kuna nitrojeni, na kuna nguvu.

Kwa maneno mengine, ile sukuma wiki iliyolala chini kama mgonjwa mahututi ilikuwa na pesa chini ya godoro.

Siku ya kufungua godoro

Magazeti na redio husema mengi kuhusu ukame unapoingia. Ukishakwisha, kila mtu husahau. Hata watafiti kwa miaka mingi walishughulika zaidi na jinsi mmea unavyojiwekea prolini kuliko jinsi unavyoitumia. Mimi naona hiyo ni kama kuandika historia ya chama cha kina mama kwa kueleza michango tu, bila kusema pesa zilifanya nini zilipogawanywa.

Mwaka 1996 watafiti wa Japani walitoa habari muhimu kuhusu matumizi hayo. Walikuwa wakichunguza kijimmea kidogo kiitwacho Arabidopsis, gugu la ukoo mmoja na sukuma wiki na kabichi. Walitambua amri ya urithi, yaani jeni, inayotengeneza kimeng'enya cha kuvunja prolini. Wakati wa kiu amri hiyo hunyamazishwa. Maji yakirudi, na prolini ikiwa imejaa, huamshwa haraka sana, na kazi ya kuvunja ikaanza.

Kazi yenyewe hufanyikia mahali paitwapo mitokondria, ambapo ndipo jiko la kila seli, ya mmea na yako wewe pia. Prolini ikiingia humo huvunjwa kwa hatua mbili. Kimeng'enya cha kwanza huibadilisha kuwa kitu cha katikati, na cha pili hukigeuza hicho cha katikati kuwa asidi amino nyingine iitwayo glutameti. Glutameti inaweza kugeuzwa na kuingia katika ule mzunguko wa kuchoma chakula ambao Hans Krebs aliueleza mwaka 1937, na ambao wewe mwenyewe unautumia sasa hivi unaposoma. Molekuli moja ya prolini ikichomwa mpaka mwisho hutoa vipande takriban 30 vya ile sarafu ya nguvu inayotumiwa na seli zote. Kwa mmea ambao umekaa wiki tatu bila kupika, hiyo ni karamu.

Na glutameti haiishii motoni. Hiyo hiyo ndiyo malighafi ambayo mmea huanza nayo kutengeneza rangi ya kijani ya jani. Aidha hutoa nitrojeni yake ili zitengenezwe asidi amino nyingine, na hatimaye protini mpya. Kwa hiyo yale majani machanga yaliyong'aa siku ya Alhamisi katika shamba la jirani yangu, kwa kiasi fulani, yalijengwa kwa akiba iliyowekwa wakati wa kiu.

Lakini kuna hatari katikati ya mto. Kile kitu cha katikati, kati ya hatua ya kwanza na ya pili, ni sumu kikirundikana. Wataalamu wameotesha mimea iliyokosa kimeng'enya cha kuvunja prolini na wakaona kwamba hata prolini yenyewe, ile akiba nzuri, huigeukia ikawa balaa: ukiipa zaidi, hudhoofika. Akiba isiyoweza kutumiwa haikusaidii, na mmea hauna mjomba wa kumkopa. Ndiyo sababu kazi hii huenda kwa mpango, na ndiyo sababu siku za kwanza baada ya mvua si siku za kuusumbua mmea.

Nikutolee mfano mmoja usio wa shamba. Mbung'o, yule mdudu anayeeneza malale kwa watu na nagana kwa ng'ombe, huruka kwa kuchoma prolini hiyo hiyo. Wadudu wengine wengi hutumia sukari, lakini yeye hula damu, na damu ina protini tele. Mtafiti Bursell aliligundua jambo hilo katika miaka ya 1960 akiwa kusini mwa Afrika. Hapa Nairobi tunacho kituo cha ICIPE, kilichoanzishwa mwaka 1970 na marehemu Profesa Thomas Odhiambo, ambacho kimemfuatilia mbung'o kwa miaka mingi. Kwa hiyo petroli inayomrusha adui wa ng'ombe wako ndiyo inayoiamsha mboga yako.

Basi wewe ufanye nini?

Swali la kwanza ni kujua kama mmea umekufa au umelala. Usiuamue mchana. Jua la saa nane hulaza hata mmea wenye maji ya kutosha, kwa sababu majani hutoa maji haraka kuliko mizizi inavyoyaleta. Nenda shambani alfajiri, kabla jua halijachomoza. Ukikuta umesimama, haukuwa na kiu ya kutisha. Ukikuta bado umelala, basi ardhi imekauka kweli na mmea umo katika dhiki. Hata hapo usichukue jembe. Tazama kitovu cha mmea, pale majani machanga yanapotokea. Kwaruza kidogo shina kwa ukucha. Kitovu kikiwa kibichi na shina likiwa la kijani chini ya ganda, huyo bado yu hai, anangoja. Kitovu kikiwa kimekauka na kukatika kama ugoro, huyo amekwenda.

Mvua ikinyesha, au ukipata mtungi wako wa maji, mwagilia pole pole, asubuhi mapema au jioni, chini kwenye shina. Halafu ngoja siku nne, tano.

Sasa sikiliza vizuri hapa, kwa sababu wengi hukosea. Mtu akiona mmea umedhoofika hukimbilia dukani kununua CAN, akidhani anampa mgonjwa uji. Mbolea ya dukani ni chumvi. Ukiiweka penye udongo mkavu na mizizi iliyochoka, huyavuta maji kutoka mizizini badala ya kuyaongeza. Mmea uliokuwa unatoka katika dhiki moja unaingizwa katika nyingine. Tena, katika siku hizo za kwanza mmea una nitrojeni yake mwenyewe ya kuanzia, ile ya akiba. Mwache aile. Majani mapya yakishatokea na udongo ukiwa na unyevu, hapo sasa mbolea, ya duka au ya ng'ombe, itapokewa kwa mikono miwili.

Vilevile usichume. Najua ni vigumu kuambiwa hivyo wakati wateja wanabisha, lakini jani la kijani unalolitoa siku ya pili baada ya mvua ndilo jiko lililowashwa upya. Ungoje majani mapya yafunguke.

Na yale majani ya chini yaliyogeuka njano? Watu wengi hudhani ni ugonjwa. Mara nyingi si ugonjwa, ni wazee wa nyumba wanaowaachia watoto. Mmea ukibanwa huvunja protini za majani makuukuu, hubadilisha nitrojeni yake kuwa asidi amino zinazosafiri kwa urahisi, hasa glutamini na asparajini, na kuzituma juu kwenye majani machanga. Rangi ya kijani ikishavunjwa, njano iliyokuwa imejificha chini yake ndiyo unayoiona. Jani likiwa nusu kijani nusu njano, bado linahamisha mali. Likiwa njano kabisa, hapo hata ukiliondoa huna hasara.

Jihadhari na mtama wa ng'ombe

Wapo wasomaji wetu wengi wa Dagoretti, Uthiru, Kinoo na Kikuyu wanaofuga ng'ombe mmoja au wawili wa gredi nyuma ya nyumba. Hawa nina neno nao, na ni la haraka kwa sababu ukichelewa kulijua unaweza kumpoteza mnyama kwa dakika chache.

Si kila asidi amino mmea huigeuza kuwa chakula. Mtama huichukua asidi amino iitwayo tairosini na kuitengeneza kuwa sumu ya kujilinda, ambayo mnyama akiitafuna hutoa sayanidi. Machipukizi machanga ndiyo yenye sumu nyingi zaidi, na ukame huiongeza. Kwa hiyo ule mtama uliokatwa au kukauka, kisha mvua ikaja ukachipua mzuri ajabu, ndio wa kuogopwa. Ng'ombe mwenye njaa akiuingia anaweza kuhema kwa shida, akatetemeka na kuanguka. Usimpe machipukizi machanga ya mtama, hata kama zizi halina nyasi. Ukiona dalili hizo, mwite daktari wa mifugo mara moja.

Mihogo nayo ina jambo kama hilo, isipokuwa yenyewe hutumia asidi amino valini na isolusini. Mwaka 1981, wakati wa ukame, zaidi ya watu 1,000 kaskazini mwa Msumbiji walipooza miguu kwa ugonjwa wa konzo baada ya kula mihogo michungu ambayo haikuandaliwa ipasavyo kwa sababu ya njaa. Huu wetu mtamu unaouzwa na pilipili na ndimu kando ya barabara usikutie hofu, ila usile mbichi.

Safari ya kwenda Marikiti

Hadi hapa nimesema juu ya mmea wenye mizizi, ambao mvua ikija una pa kuipokelea. Sasa fikiria jani lililokatwa.

Kama hujawahi kufika Soko la Wakulima, ambalo wenyewe hatuliiti ila Marikiti, kabla ya mapambazuko, nenda siku moja. Malori yameshaingia kutoka Limuru, Kinangop na kwingineko. Magunia ya sukuma wiki yamerundikwa, vijana wa mikokoteni wanapiga kelele watu wapishe, na kina mama wa vibanda vya Kawangware na Kangemi wananunua haraka ili wawahi matatu za kurudi magharibi. Ingiza mkono katikati ya gunia lililofungwa tangu jana. Utakuta joto. Joto hilo si la jua, maana jua bado halijatoka. Majani yako hai, yanapumua, na yanachoma akiba yao gizani.

Jani lililokatwa limepatwa na dhiki zote kwa mpigo: halina maji, halina mwanga, na halina shina la kulitumia kitu. Katika miaka ya 1990 watafiti wa New Zealand waliichunguza brokoli iliyovunwa. Brokoli, kabichi, koliflawa na sukuma wiki ni mmea wa jina moja la kitaalamu, Brassica oleracea, ni ndugu tumbo moja. Waliona kwamba sukari hupungua vibaya katika saa za mwanzo tu baada ya kukatwa. Baadaye protini huanza kuvunjwa, asidi amino zinabadilika, na amonia hujitokeza kadiri njano inavyoingia. Ile harufu kali inayokupiga usoni ukifungua mfuko wa plastiki uliosahauliwa na mboga ndani, amonia ina fungu lake humo.

Wengine, wa Ujerumani, walikifungia gizani kile kijimmea cha Arabidopsis. Katika habari waliyoitoa mwaka 2010 walionyesha kwamba sukari ikiisha, mmea huchoma asidi amino kama lusini, isolusini, valini na laisini ili uishi. Ukimwuliza mtaalamu wa lishe, atakwambia kwamba hizo nne zimo katika zile ambazo mwili wa binadamu hauwezi kujitengenezea, ni lazima zitoke katika chakula. Kwa maneno mengine, jani lililo gizani linakula zile zile ulizolinunulia.

Nisikutie chumvi. Gramu 100 za sukuma wiki zina gramu 3 au 4 tu za protini, na hakuna anayelea mtoto kwa protini ya sukuma wiki peke yake. Maharagwe na maziwa yapo kwa kazi hiyo. Lakini jani linapokuwa njano, si hilo tu limepotea. Vitamini C huwa imepungua pia, na ladha imekuwa chungu. Nawe umelipa bei ile ile.

Kwa mama mwenye kibanda hasara ni kubwa zaidi, maana fungu la njano halina mnunuzi. Ukifika na gunia lako, lifungue mara moja, hata kabla ya kunywa chai. Tandaza majani kivulini, joto litoke. Yanyunyizie maji safi au yafunike kwa gunia lililoloweshwa. Maji yakikauka huondoka na joto, na jani lililopoa huchoma akiba yake pole pole. Katika ubaridi wa Julai wa huku magharibi mboga hudumu, lakini Februari huna nafasi ya kuchelewa.

Na wewe mnunuzi, ukiweza, nunua majani mazima na uyakate nyumbani karibu na kupika. Kila unapolikata jani unalijeruhi, nalo hupumua kwa kasi zaidi na kumaliza akiba upesi. Hapa nakiri dhambi yangu. Nikishuka Kangemi saa mbili za usiku kutoka mjini, nimechoka, nanunua ile iliyokwisha kukatwa, tena nashukuru kuikuta.

Yule jirani yangu naye hajaacha shamba. Siku hizi kiangazi kikikaza humwona alfajiri akipita katikati ya mistari na tochi ya simu, ameinama, anatazama vitovu. Yule kijana wa vibarua alirudi kutoka matangani wiki iliyofuata, jembe begani, tayari kwa kazi ya kung'oa waliyokuwa wamepatana.

"Mama, nani alikupandia?" akauliza.

"Hakuna aliyepanda, mwanangu. Ni ile ile," akamjibu, akampa kazi ya kupalilia.